Haukuonekana

Mwanafunzi wa Kiswahili haishi kuulizwa shahada yake itamfaa nini. Mimi nimeulizwa na wengi, na aliyeniuliza kwa mzaha zaidi ya wote ni Mjomba, ndugu wa tumbo moja na mama yangu, seremala ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini ameunda vitanda na makabati kando ya barabara ya Ngong, magharibi mwa jiji la Nairobi. "Kiswahili tunakisema bure huku barabarani," alikuwa akiniambia kila nilipopitia karakanani mwake nikitoka chuoni, "nawe unakilipia karo!" Sikuwahi kumpa jibu la maana. Wala sikujua kwamba ingefika siku ambapo ningelazimika kumtafsiria karatasi mbili kuhusu ini lake, nikosee, na kosa langu limfanye aanze kugawa vyombo vyake vya kazi.

Kwetu ni Makueni. Msomaji mwenye umri wa kutosha atakumbuka mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yalipoleta maafa huko kwetu na katika wilaya jirani ya Kitui: watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo, ambayo Watanzania wameipa jina mwafaka la sumukuvu, hushambulia ini. Mjomba hakuugua mwaka ule. Hata hivyo, mapema mwaka 2023 alipokwenda kumtolea damu jirani aliyekuwa akingoja upasuaji, damu yake ilikataliwa, naye akaambiwa kwamba ana virusi vya mchochota wa ini aina ya B. Watoto wachanga nchini Kenya walianza kuchanjwa dhidi ya virusi hivyo mwaka 2001. Mjomba wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye mke na mji wake. Yamkini alikuwa amekaa navyo tangu utotoni bila ya kuumwa hata kidole. Daktari hakutaka kusema ni kipi kilichosababisha kipi. Alisema tu kwamba virusi hivyo na sumukuvu vikikutana katika ini moja, madhara yake huzidishana.

Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha kitu katika upande wa kulia wa ini. Picha ya MRI ikathibitisha: saratani, uvimbe mmoja, sentimita 2.4.

Katika Kiswahili, ini si kiungo cha mwili tu. Neno baya likimchoma mtu hadi ndani, husemwa kwamba limemkata maini. Nilikuwa nimeutumia msemo huo katika insha nyingi za shule bila ya kuufikiria. Siku ile nilipoketi kando ya Mjomba kwenye benchi la hospitali, niliona kuwa waliouanzisha walijua walichokuwa wakisema.

Kwa kuwa ini lenyewe lilikuwa limeanza kukakamaa kwa makovu, madaktari hawakupenda kulikata. Uvimbe ulikuwa mmoja, tena haukuzidi sentimita tatu, kwa hivyo ulifaa kuunguzwa palepale ulipo. Daktari hupitisha sindano ndefu ngozini, akiongozwa na picha, hadi ncha yake iingie katika uvimbe. Kisha ncha hiyo hutoa mawimbi ya aina ileile inayopasha chakula moto katika tanuri la maikrowevu. Joto likizidi nyuzi 60 za selisiasi, seli hufa papo hapo. Wataalamu wa tiba hii ni wachache katika Afrika Mashariki yote (Muhimbili, jijini Dar es Salaam, ilianza kuwafunza wa kwake mwaka 2019), na ilitubidi kungoja zamu kwa majuma kadhaa. Familia ikachanga, Mjomba akauza mashine yake ya kuranda. Mwezi wa Juni alifanyiwa tiba, akalala hospitalini usiku mmoja, akarudi Kawangware akiwa na plasta ndogo ubavuni. Majirani waliokuja kumpa pole walitafuta mshono wasiuone.

Sisi tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe kuunguza ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kuangalia. Uvimbe uliounguzwa hautolewi mwilini, hukaa mlemle, na hakuna jicho linaloweza kuona kama umekufa wote au kama kuna ukingo uliosalia ukipumua. Ndiyo maana mgonjwa hupigwa picha mwezi mmoja hivi baada ya tiba, kisha kila baada ya miezi mitatu, na kwa muda mrefu.

Labda nieleze kidogo mtambo huu, kwa sababu wengi wetu tuliosomea sanaa huusikia jina tu. MRI haitumii miale ya eksirei. Ni sumaku kubwa yenye umbo la pipa lililolazwa, na nguvu ya ile tuliyoizoea sisi ni tesla 1.5, maelfu ya mara kuliko nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira ya baharia. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na ndani ya maji mna haidrojeni; viini vya haidrojeni vikiwekwa katika sumaku hiyo, hujipanga. Mtambo huvitikisa kwa mawimbi ya redio, kisha husikiliza mwangwi wake vinaporudi mahali pake. Kutokana na mwangwi huo huundwa picha. Mawimbi yenyewe yana masafa ya megahezi 64 hivi, chini kidogo ya yale ya stesheni za FM ambazo Mjomba huzisikiliza mchana kutwa akipiga randa. Paul Lauterbur, aliyechapisha njia ya kupata picha kwa namna hii mwaka 1973, alikataliwa makala yake mara ya kwanza na jarida lilelile lililokuja kuyachapisha. Mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield walipewa Tuzo ya Nobel. Nawaambia wenzangu ambao makala yao yamewahi kurudishwa na wahariri.

Kabla ya mgonjwa kuingizwa katika sumaku, hujaza fomu. Fomu tuliyopewa ilikuwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo kazi yangu ya ukalimani ilipoanza. Je, una kifaa chochote moyoni? Hapana. Je, una chuma mwilini? Hapana. Je, umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni? Mjomba akacheka. "Fundi gani hajawahi kuingiwa?" Yeye hunoa patasi zake na visu vya randa kwa jiwe la umeme, na mara mbili tatu cheche zilikuwa zimempata. Ikabidi apigwe eksirei ya macho kwanza, kwa maana chembe ya chuma iliyojificha jichoni inaweza kusogezwa na sumaku na kumpofusha mtu. Niliwaza: kama swali lile lingeachwa katika lugha lilimoandikwa, angetikisa kichwa kwa "hapana" kama alivyotikisa kwa mengine, kwa adabu tu.

Nije sasa kwenye kosa langu.

Picha ya kwanza baada ya tiba ilipigwa mwezi wa Julai. Ripoti niliichukua mimi siku ya Ijumaa alasiri, na miadi na daktari ilikuwa Jumanne. Nikapanda matatu ya nambari 111 kuelekea Dagoretti Corner, nikafungua bahasha. Nilijiona mtu wa maana: mwanafunzi wa uzamili, msomi wa tafsiri, nimeshika ripoti ya kitabibu nikiisoma katikati ya muziki wa matatu. Mengi sikuyaelewa, lakini tarakimu hazihitaji kamusi. Uvimbe ulikuwa sentimita 2.4. Sasa katika sehemu ileile ya ini paliandikwa 4.1.

Mjomba alikuwa akipiga msasa mguu wa meza. Nilisimama kwanza kando, nikasalimiana na vijana wake, kisha nikamwambia.

"Mjomba, umekua."

"Kutoka ngapi hadi ngapi?"

"Mbili nukta nne hadi nne nukta moja."

Hakusema neno. Alichukua futi yake na penseli anayoichomeka sikioni, akapima kwenye ubao mmoja wa ukuta wa karakana, akachora mstari wa milimita 24, na chini yake mwingine wa milimita 41. Akaitazama ile mistari miwili kama atazamavyo kazi iliyopinda. Mtu aliyeishi kwa vipimo maisha yake yote haambiwi mara mbili. Jioni ile alimpa kijana wake mkubwa randa yake ya mkono, ile ambayo hakumruhusu mtu kuigusa; Jumamosi akamwita fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, akamkabidhi seti ya patasi kwa bei ya kutupa. Jumapili Mama alinipigia simu kutoka Makueni kuniuliza kwa nini kaka yake anauliza habari za mipaka ya shamba.

Jumanne tulikwenda Upper Hill kumwona daktari. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuchanganya Kiswahili na Kiingereza kama wengi wetu jijini. Alipofungua picha kwenye skrini alitabasamu, akasema kazi imekwenda vizuri sana. Mjomba alinitazama. Kisha akamwambia daktari kwamba tulisikia uvimbe umekua.

"Nani aliwaambia umekua, Mzee?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Mjomba hakunitaja. "Tulidhani tu, Daktari," akasema.

Daktari akaeleza. Kipimo cha sentimita 4.1 hakikuwa cha uvimbe, kilikuwa cha eneo lililounguzwa. Mtu anayeunguza uvimbe haishii kwenye mpaka wake, kwa sababu mpaka unaoonekana kwenye picha sio mpaka wa kweli. Kuna seli chache zilizokwisha kuvuka ambazo hakuna picha inayozionyesha. Kwa hivyo huunguza pia ukanda wa ini zima kuuzunguka uvimbe pande zote, milimita 5 hadi 10. Alama ya kuungua katika mwezi wa kwanza ni lazima iwe kubwa kuliko uvimbe uliokuwapo. Ingekuwa sentimita 2.4 kamili, hapo ndipo yeye angepata wasiwasi.

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ni kama ubao uliobunguliwa. Hukati pale tundu linapoishia. Unaingia ndani ya mti mzuri, ndipo unakata."

"Basi umeelewa kuliko wanafunzi wangu," daktari akasema.

Njiani kurudi hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba patasi zile atakuwa na kazi kubwa kuzirudisha. Lakini mimi sikulala vizuri siku kadhaa. Nilikuwa nimefanya kile tunachokikataza katika kila mhadhara wa tafsiri: nilitafsiri maneno kabla ya kujua kitu kinachozungumziwa. Nikarudi kwenye ripoti ile katika maktaba ya Jomo Kenyatta Memorial, nikiwa na *Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI ya mwaka 1990 mkononi, na kila nilichokwama nikakiandika ili nimwulize daktari miadi itakayofuata. Naye, Mungu ambariki, alinijibu yote, na baadhi yake akanionyesha.

Alichonionyesha ni hiki. Ini zima hupata robo tatu hivi ya damu yake kutoka kwa mshipa unaotoka matumboni. Saratani ya aina hii haifuati desturi hiyo. Yenyewe hunywa hasa kutoka kwa ateri. Basi mgonjwa akiwa ndani ya mtambo hudungwa dawa yenye gadolini, ambayo hung'aa kwenye picha, kisha hupigwa picha kwa awamu. Katika awamu ya kwanza, dawa inapofika kwa ateri katika nusu dakika ya kwanza hivi, uvimbe ulio hai huwaka kabla ya ini linaouzunguka. Katika awamu za baadaye, ini likishapata dawa yake, uvimbe hufifia. Kitu kilichokufa hakinywi. Hakiwaki katika awamu yoyote. Swali la daktari, basi, halihusu ukubwa wa alama pekee. Anauliza: kuna kitu humo ndani kinachokunywa?

Hata swali hilo lina mtego wake. Nyama iliyounguzwa, kwa ajili ya damu iliyoganda na protini zilizopikwa ndani yake, mara nyingi huonekana nyeupe kwenye picha hata kabla ya dawa kudungwa, na asiye mjuzi anaweza kuuchukulia weupe huo kuwa uhai. Dawa yake ni hesabu ya kutoa: kompyuta huchukua picha ya baada ya dawa, ikatoa ya kabla ya dawa, na kinachobaki ni kile kilicholetwa na damu peke yake. Katika picha ya Mjomba kilichobaki kilikuwa duara jeusi, lenye utepe mwembamba unaong'aa pembeni. Utepe ule haukumshtua daktari. Ni uvimbe wa kidonda kinachopona, huonekana miezi ya mwanzo na hutoweka polepole. Kinachotisha ni pale utepe unapofura mahali pamoja ukawa kama kitone.

Haya yote hayafanyiki ikiwa mgonjwa anahemahema. Ini hupanda na kushuka pamoja na pumzi, kwa hivyo kila awamu ya picha humtaka mgonjwa azuie pumzi zake kwa sekunde kadhaa. Mwezi wa Oktoba, katika picha ya pili, niliitwa ndani kutoka benchini. Mtambo ulikuwa ukitoa amri kwa sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, kwa Kiingereza cha mbali, na Mjomba, katikati ya kelele zile zinazofanana na msumeno wa umeme uliokwama, alikuwa akizuia pumzi baada ya picha kwisha kuanza. Picha za majaribio zilikuwa zikitoka kama za mtu aliyepigwa akiwa mbioni. Kijana wa mtambo aliamua kuizima sauti ile akatumia kipaza sauti mwenyewe. "Vuta pumzi. Toa. Shika pumzi." Kupitia kioo nikamwona Mjomba akiinua mkono na kuuweka kifuani.

Nilicheka, nikaomba ruhusa nikasema: mwambie "bana pumzi." Kijana akasema bana pumzi. Mkono ukashuka, kifua kikatulia, na picha zikatoka safi. Wanaisimu wenzangu wanaweza kuandika juu ya tafsiri sisisi hadi wachoke. Mimi niliona moja ikiharibu picha ya ini la mtu, na kitenzi kimoja tu kikiitengeneza.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu chake cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake katika lugha anayoielewa, inapowezekana. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sitaki kugeuza makala haya kuwa hotuba. Nitasema tu kuwa miongoni mwa ripoti zote tulizopokea, hakuna hata moja iliyokuwa na sentensi ya Kiswahili, na kwamba katika idara zetu huandikwa tasnifu nyingi za tafsiri ambazo hazimfikii mtu yeyote aliyeketi kwenye benchi lile.

Ripoti ya Oktoba ilikuwa njema. Ilisema kwamba hapakuwa na ushahidi wa uvimbe ulio hai. Safari hii sikufungua bahasha matatuni, wala sikumwambia Mjomba chochote hadi daktari aliposoma. Kisha akanigeukia mimi nimwambie kwa lugha yetu. Nikasema: "Mjomba, uvimbe haujaonekana."

"Haujaonekana?" akaniuliza. "Mbona unasema kama mtu anayengoja mgeni?"

Daktari akatabasamu. Mimi sikuweza. Alikuwa amenishika pabaya, tena kwa haki. Sote tumefunzwa kwamba kiambishi -ja- hakikanushi tu; hukanusha huku kikiacha mlango wazi. Mtoto hajalala: tunatazamia alale. Mvua haijanyesha: tunaitazamia. Nilikuwa nimemwambia mgonjwa wa saratani, bila ya kufikiri, kwamba ugonjwa wake uko njiani unakuja.

Lakini ningesema nini? Niliyapima maneno siku nyingi baadaye, nikitembea kutoka maktabani hadi steji ya Railways. *Uvimbe haupo.* Hilo ndilo alilotaka kusikia, nalo linamhusu yeye, ini lake lenyewe. Lakini ripoti haikusema hivyo, na daktari hakulijua. *Uvimbe hauonekani.* Hilo lina heshima zaidi, ila linaenea kote, leo na kesho, kana kwamba picha ya Oktoba inaweza kumsemea Desemba. *Haukuonekana.* Nikasimama hapo. Neno hili limefungwa kwenye siku yake. Linasema kwamba tarehe fulani, katika mtambo fulani, pumzi zikiwa zimebanwa, tulitafuta kitu tusikione. Halimtishi mtu wala halimwahidi. Nilimpelekea Mjomba neno hilo kama mtu anayerudisha deni. Akalijaribu mdomoni mara mbili. "Hilo ni sawa," akasema. "Linakaa kama bawaba."

Januari 2024 haukuonekana.

Aprili ripoti ilibadilika. Kwenye ukingo wa kovu, upande wa nyuma, kilikuwapo kitone cha milimita 9. Kilionekana kunywa dawa kidogo katika awamu ya kwanza, ingawa si kwa namna ya kumfanya daktari aape. Wataalamu wa picha hawaachiwi kusema watakavyo katika jambo hili. Chuo cha Wataalamu wa Picha za Tiba cha Marekani kilitoa mwaka 2017 utaratibu wa kuripoti ini lililotibiwa, na kuuhuisha mwaka 2024, na ndani yake kovu huwekwa katika mojawapo ya makundi matatu: halina uhai, lina uhai, na lile la katikati. Mjomba aliwekwa katikati.

Nilijua daktari angenigeukia, nikawa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno kadhaa mkononi. "Tata" lilinipendeza kwa ufupi wake, lakini linanuka darasa la ushairi. "Ina shaka" lingemfanya afikiri kwamba daktari anamficha. Naungama pia kwamba nilishawishika kuruka jambo lenyewe, nimwambie mambo ni yaleyale, hadi picha nyingine ipigwe. Binamu zangu walinishauri hivyo, na hawakuwa watu wabaya. Lakini nilikumbuka ile mistari miwili ukutani. Mtu aliyepima mauti yake kwa futi siku tatu nzima kwa sababu yangu hakustahili kudanganywa mara ya pili, tena kwa makusudi.

"Mjomba," nikasema, "kuna kitone pembeni. Haijabainika kama ni kovu au ni uvimbe."

Akanitazama. "Haijabainika."

"Ndiyo."

"Hapo sawa," akasema. "Hilo tunalingoja kweli."

Aliingoja majuma manane. Alikula vizuri, akameza vidonge vyake vya virusi kila jioni, akafanya kazi. Mimi ndiye niliyekonda. Picha ya Juni ilionyesha kitone kikiwa milimita 12, kikiwaka katika awamu ya kwanza na kufifia katika zile za mwisho. Hapakuwa na haja ya kiambishi chochote: kilikuwa hai. Lakini kilikuwa bado kidogo, na kwa sababu kilikuwa kidogo sindano ingeweza kukifikia. Mwezi wa Julai kikaunguzwa. Daktari alisema kwamba hali hii si ya ajabu, kwamba ini lililochoka huotesha vitu vipya hata pale kazi ya kwanza ilipofanywa vizuri, na kwamba faida yote ya kumwita mgonjwa kila baada ya miezi mitatu iko hapo, katika zile milimita. Oktoba ya mwaka huo bima ya taifa iliyokuwa NHIF ikaondolewa, SHA ikashika nafasi yake, tukajisajili upya, tukaendelea.

Tangu hapo Mjomba amepigwa picha kadhaa. Ya karibuni kabisa ilipigwa siku ambayo mimi nilikuwa nasimamia mtihani, akaenda peke yake. Nilipofika Dagoretti Corner jioni nilimkuta karakanani, bahasha iko mezani, imefunguliwa. Alikuwa tayari amemwona daktari. Ile randa ya mkono ilikuwa mkononi mwa kijana wake mkubwa. Hakuwahi kuidai irudi. Kijana akamwuliza mbele yangu, "Mzee, majibu?"

"Haukuonekana," akajibu, bila ya kunitazama.

Kisha akachomoa penseli sikioni, akaenda kwenye ule ubao wa ukuta. Chini ya mstari wa 24 na wa 41 mlikuwa na mistari mingine niliyoizoea, kila mmoja na tarehe yake: 38, 35, 33; halafu ule mfupi wa 12 alioukaza penseli hadi ubao ukakwaruzika; halafu la kovu jipya, ukianza mrefu tena na kupungua. Alipima kwa futi, akachora mwingine, mfupi kuliko wa juu yake kwa milimita mbili. Akaandika tarehe, akapuliza vumbi, na kuniuliza kama nimekula.